Mwanangu ametimiza miaka saba, mbona simpati?

Mama, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, umri wangu miaka 38, mkazi wa Tanga mjini. Kazi yangu ni dereva wa lori. Napeleka mizigo Kigali kupitia Rusumo, kwa hiyo maisha yangu ni Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, na mara nyingi nalala Dodoma au Singida kutegemea foleni ya mizani. Nikirudi Tanga nakaa siku mbili tatu, gari likipata mzigo naondoka tena.

Mama wa watoto wangu nilimuoa msikitini, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Tuliishi vizuri mpaka maneno ya watu yalipoingia, kwamba dereva wa masafa ana mke kila kituo. Sikuwa na mke kila kituo, lakini mtu akishaamini jambo lake utamwambia nini? Nyumba ikawa ya kununiana. Mwisho nikamwandikia talaka moja, mashahidi mjomba wake na jirani yangu mmoja, eda ikaisha hatujarudiana. Mahakamani hatukwenda. Sikuona sababu ya kwenda, tulioana kidini tukaachana kidini.

Wakati ule mwanangu wa kiume, nitamwita Salimu ingawa si jina lake, alikuwa na miaka minne na kidogo. Mdogo wake wa kike, tumwite Zaituni, ndiyo kwanza anatambaa. Mama yao akarudi nao kwao Korogwe. Sikupinga, kwa sababu mjomba wangu, ambaye ni mtu wa dini na tangu baba afariki ndiye namchukulia kama baba, aliniambia: "Waache, bado wadogo. Mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Sheria inasema hivyo na dini inasema hivyo. Wewe vumilia." Nikavumilia.

Mwaka huu mwezi wa nne Salimu katimiza miaka saba. Nikampigia mama yake, nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba muda umefika, amwandae mtoto nimfuate. Alicheka. Akaniambia, "Njoo na karatasi ya mahakama," akakata simu.

Huko nyuma pia kumwona ilikuwa shida. Nikifika Korogwe naambiwa kaenda kwa shangazi yake, au yuko madrasa, au kalala. Nikipiga simu wanaweka sauti ya nje, nasikia babu yake anakohoa pembeni, mtoto anajibu "ndiyo baba", "hapana baba", basi. Siku moja tu aliniuliza mwenyewe, "Baba, lori bado lipo?" Nikamwambia lipo. Simu ikachukuliwa.

Shule zilipofunguliwa Januari nilimnunulia viatu Morogoro, nikampa kondakta wa basi ampelekee. Vikarudishwa na basi hilo hilo, na ujumbe kwenye simu: "Havimwingii. Mtoto anakua." Iliniuma sana. Tangu siku hiyo sijatuma hela. Nitamlishaje mtoto ambaye nazuiwa kumwona? Hela ipo, naiweka pembeni, siku nikimpata nitaitumia kwake mwenyewe.

Sasa kuna jipya. Nimesikia mama yao anaolewa. Huyo bwana ni mtumishi Dodoma, mkewe alifariki, ana watoto wake. Watoto wangu watahamia huko Desemba shule zikifungwa. Dodoma si Korogwe, mama. Mwanangu atalala nyumba ya mwanaume mwingine, atamwita baba, na mimi nitakuwa mtu wa kwenye simu.

Mjomba anasema mwanamke akishaolewa haki yake ya kulea imekwisha. Wadogo zangu wanasema nimeongea vya kutosha, niende shuleni Ijumaa watoto wanapotoka, nimpandishe kwenye lori, nikishafika naye Tanga hakuna wa kumtoa. Mama yangu mzazi ana miaka 66, ana sukari na magoti yanamsumbua, lakini yuko tayari kumlea, na kila nikirudi safari ananiuliza mjukuu wake yuko wapi. Zaituni sijamdai, naye nitamfuata akifika saba.

Kila ninayemuuliza ananiambia usipoteze muda, mahakama ni ya wanawake. Naomba uniambie: niende nikamchukue mtoto wangu, nifungue kesi, au niache? Na je, sheria ya nchi hii inamtambua baba?

Baba wa Wawili, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama kesi, nikairudia kama barua ya mzazi. Umeniuliza mambo matatu, lakini linaloonekana kukuumiza zaidi hukuliuliza: ulipewa tarehe ya kungoja, ukaingoja kwa adabu, tarehe ikafika na hakuna kilichobadilika isipokuwa mtoto amekua mbali na wewe. Sasa hujui umkasirikie nani, mtalaka wako aliyecheka, wazee wa Korogwe wenye simu yao, au mjomba aliyekwambia uvumilie. Kabla hatujafika kwenye kumchukua au kutomchukua, tuanze na hiyo saba yenyewe, maana umeijengea nyumba nzima juu yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mahakama ndiyo inayoamua mtoto akae na baba au mama, na kitu cha kwanza kinachotazamwa ni ustawi wa mtoto. Halafu inaongeza kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba inachukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi, saba imeishia hapo. Hakuna mstari unaosema akitimiza saba anahamia kwa baba. Kinachotokea siku ya kuzaliwa ya saba ni kwamba mama hana tena ule mtaji wa kuanzia. Kuanzia hapo nyote wawili mnasimama mbele ya hakimu na maelezo yenu. Na kwa kuwa hata chini ya saba dhana ile hupingwa, hukuwa umefungiwa mlango miaka yote hiyo, na kwa Zaituni hujafungiwa leo.

Kifungu hicho hicho kina neno jingine ambalo sikufichi, kwa sababu wakili wa upande wa pili hatakuficha: mahakama inaonywa isimvurugie mtoto maisha kwa kumhamishahamisha. Wewe uliona unavumilia. Kwa Salimu, muda huo huo ulikuwa wa kuanza shule Korogwe, kupata marafiki, kumzoea babu anayekohoa. Hakimu atauona uvumilivu wako, lakini atayaona na maisha hayo.

Upande wa dini, mjomba wako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya maneno. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wa pwani yetu wanaifuata, mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, ambao hukadiriwa miaka saba, huulizwa yeye mwenyewe anataka kukaa na nani. Kuulizwa si kukabidhiwa. Na kuhusu mama kuolewa na mtu wa kando, ni kweli wanazuoni wanasema haki yake ya malezi huondoka, lakini haiendi moja kwa moja kwa baba. Anayefuata ni mama wa mama, yaani bibi huyo huyo wa Korogwe. Muulize mjomba wako kwa heshima akufungulie kitabu mpaka mwisho wa mlango. Sheria ya nchi, kwa upande wake, haina kifungu kinachomnyang'anya mwanamke mtoto kwa sababu ameolewa. Itauliza tu huyo mume mpya ni mtu gani, na nyumba anayohamia mtoto ikoje.

Umeniuliza kama sheria inamtambua baba. Inamtambua, tena kwa namna ambayo nadhani hakuna aliyekusomea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inazungumzia watoto ambao wazazi wao wametengana. Inampa mtoto haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Inampa haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea vizuri. Na inampa haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, mradi masomo yake hayavurugiki. Angalia haki hizo zimeandikwa kwa jina la nani: la mtoto. Nyumba ya Korogwe inapokwambia Salimu kalala saa tisa mchana, anayenyimwa haki wa kwanza ni Salimu. Hilo ukilisema mbele ya afisa ustawi wa jamii lina uzito kuliko ukisema "mimi ndiye baba, damu ni yangu".

Kwamba mahakama ni ya wanawake, sitakuambia ni uzushi mtupu. Sheria hiyo hiyo inaitaka mahakama ikumbuke umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Lakini inaitaka pia itazame umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, faida ya ndugu kukaa pamoja, na malezi yasiyokatikakatika. Wapo akina baba waliopewa watoto. Wengi walionyimwa ambao nimezungumza nao walifika mahakamani na madai ya umiliki, wakaulizwa mtoto anakunywa dawa gani akibanwa na kifua, wakamtazama hakimu.

Hapo ndipo na mimi nakuuliza, na usinikasirikie. Tuseme kesho umepewa Salimu. Jumatatu ya wiki hiyo wewe uko Nzega. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nani anamwamsha, nani anamchemshia chai, nani anampeleka mpaka barabarani? Mama yako, mwenye sukari na magoti. Usiku mtoto akipata homa, nani anamkimbiza hospitali? Sisemi bibi hawezi. Bibi ndio wamelea nusu ya nchi hii na huenda ndio waliokulea wewe. Ila afisa ustawi akitumwa na mahakama kuandika ripoti atakuja kukaa kwenye kochi la mama yako na kuuliza maswali hayo hayo, na jibu la "yuko tayari" halitamtosha. Atataka kujua ni nani mwingine yuko nyumbani, na wewe unapatikana lini. Na atajiuliza, kama mtoto anatolewa kwa mama yake ili aje kwa baba, mbona anaishia kwa bibi?

Labda lipo jibu ambalo hukuliandika. Labda tajiri wako anaweza kukupa gari la Tanga na Dar ukawa unalala kwako mara nyingi zaidi. Labda una dada hapo nyumbani. Kama lipo, kesi yako ina sura nyingine kabisa. Kama halipo, jiulize unachokitaka ni kuwa na Salimu Tanga, au ni Salimu kuwa na baba. Hivi viwili vinakaribiana lakini si kimoja, na kila kimoja kina maombi yake mahakamani: kuna maombi ya kukabidhiwa mtoto, na kuna maombi ya kuwekewa utaratibu wa kumwona na kukaa naye, kwa mfano likizo ya Juni au ya Desemba, simu siku fulani saa fulani bila sauti ya nje. Haya ya pili huwa mepesi zaidi kupata, na hayakufungii njia ya kwanza, kwa sababu amri za watoto hubadilishwa mazingira yakibadilika.

Na Zaituni? Umemtaja kwa mstari mmoja. Ukimchukua Salimu peke yake, unawatenganisha. Mahakama hailazimiki kuwaweka pamoja, humtazama kila mtoto kwa hali yake, lakini binti yako atakua akijua kaka yake alifuatwa na yeye aliachwa ahesabiwe miaka. Tena huyo ndiye asiyekukumbuka hata kidogo. Kwenye kila unachopanga, hata kama ni simu ya Jumapili, mtie na yeye.

Nije kwenye hela, maana hapa ndipo nadhani unajiumiza mwenyewe bila kujua. Naielewa hasira ya viatu. Lakini kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine. Haijaandikwa "akiruhusiwa kuwaona". Kuwaona na kuwatunza ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria: yeye hana ruhusa ya kukuzuia kwa sababu hujatuma, na wewe huna ruhusa ya kutotuma kwa sababu umezuiwa. Hela uliyoiweka pembeni hakuna anayeiona. Kinachoonekana ni kwamba tangu Januari baba hajatoa kitu, na mama yao akitangulia yeye mahakamani kudai matunzo, wewe ndiye utakayekuwa mtuhumiwa katika jambo ambalo ulikuwa mlalamikaji. Ukiamua kuanza tena, tuma kwa simu ili muamala ubaki na tarehe yake, andika ni ya nini, na usiombe chochote katika ujumbe huo huo.

Na ule ujumbe wenyewe, "Havimwingii. Mtoto anakua," umeusoma kama tusi. Huenda ni tusi, wewe ndiye unayemjua aliyeuandika. Lakini nimeusoma mara kadhaa na ninaona pia mtu aliyejibu ukweli: vilikuwa vidogo. Ungemjibu "Anavaa namba ngapi siku hizi?" sijui angesema nini. Bado unaweza kumuuliza.

Kuhusu shauri la wadogo zako, nitaeleza ninavyoona siku hiyo itakavyokwenda, kisha mwenye mtoto ni wewe. Salimu anatoka darasani amezoea kurudi na wenzake. Anamkuta baba yake ambaye hajamwona kwa muda mrefu, anafurahi, lori lipo kweli. Anapanda. Kabla hamjafika Segera mwalimu ameshapiga simu kwa babu, babu ameshafika polisi, na namba za gari zimetajwa. Gari hilo si lako, ni la tajiri, na mzigo ni wa watu. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa anayemlea kihalali. Utajitetea kwamba na wewe ni mzazi na hakuna amri ya mahakama iliyokuzuia, na utetezi huo una mashiko kiasi, lakini utautolea kituoni, mwanao akiwa kwenye benchi. Tuseme umefika naye Tanga salama. Upande wa pili nao una wadogo zao, na wao pia wanajua shule itakayokuwa yake. Nimeona watoto waliokwapuliwa mara mbili tatu namna hiyo. Huwa wanaanza kuogopa kengele ya kutoka. Halafu siku mkifika kwa hakimu, swali la kwanza litakuwa nani alianza.

Sasa Dodoma. Umeiandika kama mwisho wa dunia, na ninakuelewa, kwa sababu kinachokuumiza pale si kilomita, ni yule bwana. Lakini soma tena aya yako ya kwanza: mara nyingi unalala Dodoma. Korogwe unaikwepa pale Segera kila safari, inakubidi uache njia ndipo uifikie. Dodoma ipo barabarani kwako, unakwenda na unarudi. Sijui kama uliwahi kulitazama hivyo. Inawezekana kabisa mtoto aliyehamia Dodoma akamwona baba yake mara nyingi kuliko alipokuwa Korogwe, tena bila babu wa kushika simu, kama mtapatana ni siku zipi na wapi. Na yule bwana, mjane mwenye watoto wake, huenda akawa mtu wa kuzungumzika kuliko shemeji zako wa zamani. Huenda pia asitake kukuona kabisa. Hatari ipo. Ila kama Salimu atalala chini ya paa lake, ni vizuri umjue sura na jina, na yeye ajue kwamba watoto hawa wana baba anayepita kila mara. Na kuhusu mtoto kumwita baba, watoto wa Kiswahili wanaita baba wanaume wengi. Ni baba mdogo, baba mkubwa, baba wa jirani. Bado wanajua yupi ni yupi.

Njia zilizo mbele yako ziko hivi. Unaweza kuomba kikao cha wazee kabla ya harusi, mjomba wako upande mmoja na mjomba wake aliyeshuhudia talaka upande wa pili, mkazungumzia jambo moja tu la watoto. Faida yake ni kwamba hakuna anayeaibika. Ubaya wake ni kwamba maneno ya kikao husahaulika, kwa hiyo mkipatana yaandikwe, na afadhali yaandikwe mbele ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa huyo unaweza pia kumwendea peke yako, Korogwe wanakoishi watoto. Huduma yake haina malipo, na yeye anaweza kumwita mama yao kwa barua, jambo ambalo wewe huwezi. Akiitwa na kukataa, hapo una hatua ya kuanzia.

Ya tatu ni Mahakama ya Watoto. Jina linatisha lakini si mahali pa kupiga kelele. Shauri husikilizwa faragha, ustawi wa jamii huwepo, na mtoto wa umri wa Salimu anaweza kusikilizwa anataka nini. Hapo nakuomba jambo moja: usimwandae. Usimwambie cha kusema, wala usimuulize kwenye simu kama anakupenda wewe au mama. Kesi huchukua muda, nauli na siku za kazi, na tajiri wako hatalipia. Lakini amri ikishatoka haimtegemei tena mtu aliyeamka vibaya. Wakili kama yuko juu ya uwezo wako, uliza wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani, tangu sheria ya mwaka 2017 kazi yao inatambulika rasmi. Ukiwa Dar, Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mashauri ya familia tu, chini ya paa moja utakuta mahakama, ustawi na msaada wa kisheria.

Liko pia lile la talaka. Sheria ya Ndoa inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itamke kwamba ndoa imevunjika, hata pale talaka ilipokwisha kutolewa kidini. Ninyi hamkufanya hivyo, kwa hiyo kwa macho ya serikali mambo yenu hayajafungwa. Na yeye yuko mbioni kuolewa. Najua mtu mwenye uchungu anaweza kuliona hili kama silaha. Ukilitumia kumharibia harusi, huenda ukafanikiwa, na usahau ushirikiano wake kwa miaka iliyobaki mpaka Zaituni afikishe 18. Ukilipeleka kama jambo linalowasaidia nyote wawili kuwa na karatasi safi, amri ya watoto inaweza kutolewa humo humo ndani ya shauri hilo. Na yeye mwenyewe si alikwambia uje na karatasi ya mahakama? Alisema kwa kejeli, lakini pengine ndiyo njia anayoiheshimu.

Kuhusu kuacha, ambalo ni swali lako la tatu, sikuliona popote kwenye barua yako isipokuwa hapo ulipoliandika. Mtu anayetaka kuacha hanunui viatu Morogoro.

Mama yako mzazi nimemfikiria pia. Yeye anataka mjukuu, na pengine likizo moja ya Desemba nyumbani kwake ingempoza kuliko kesi ya miaka miwili. Mweleze hayo ya saba mwenyewe, kwa upole, kabla mjomba hajamweleza kwa namna yake.

Kokote utakakoamua kuanzia, kusanya mapema vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, cheti cha ndoa, ile karatasi ya talaka, na miamala yote uliyowahi kutuma, hata ya zamani. Kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa. Kama vyeti vya kuzaliwa viko Korogwe na huwezi kuvipata, niandikie kabla hujaenda kokote, maana kwa dereva ambaye watoto walizaliwa akiwa safarini mara nyingi hapo ndipo mambo hukwama, na ningependa kujua jina la baba lililoandikwa ni lako sawasawa.